Pembetatu Yenye Mshono

Mtaa mzima ulijua kwamba Bi Pindo hapimi mtu mara mbili. Ungepita mbele ya duka lake la ushonaji, akakutupia jicho moja tu mgongoni, akasema, "Mabega arobaini na sita, kiuno kimekwenda likizo." Ukibisha ukaleta tepu, tepu ilikuaibisha wewe. Cherehani yake ilikuwa na umri sawa na ndoa yake. Zote mbili zilikuwa bado zinafanya kazi, ila cherehani ndiyo iliyokuwa haikoromi.

Sasa mwanamke huyo, mwenye miaka hamsini na tatu na wajukuu wawili, alikuwa ameketi Ijumaa saa kumi na nusu jioni kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yanakaribia kidevu, jasho linamtoka kwa sababu ya pembetatu.

Lilikuwa darasa la watu wazima. Watoto wakishakwenda nyumbani, wakubwa waliingia, wakafuta ubao, wakajibana kwenye madawati yale mafupi. Seremala, mwanamume mwenye mwili kama kabati la milango miwili, aliwahi kuitwa kujibu swali akasimama na dawati lake. Alilivaa kiunoni mpaka alipomaliza kujibu, kwa adabu, kisha akaketi nalo.

Mwalimu wao wa hesabu alikuwa kijana mwembamba, rika la kitinda mimba wa Bi Pindo, na alikuwa na heshima mpaka inachosha. Hata sifuri aliitoa kwa kuomba radhi. "Samahani mama, hapa umekosa." "Samahani sana mzee wangu, na hapa pia."

Ijumaa hiyo aliandika ubaoni: pembetatu yenye pande za sentimita sita, nane na kumi. Ichoreni. Pimeni pembe zote. Ile pembe kubwa lazima iwe pembe mraba, digrii tisini kamili.

"Jumatatu kila mmoja atakuja kuichora hapa mbele," akasema. "Mtihani umekaribia. Atakayeshindwa hii, samahani, nitamshusha kundi la chini akaimarishe msingi."

Moyo wa Bi Pindo ukadondoka hadi kwenye kanyagio la cherehani, huko dukani.

Si kwamba kundi la chini lilikuwa baya. Lilikuwa na watu wema, mlinzi mmoja, dereva mmoja, na mabibi wawili waliokuja kwa ajili ya kivuli. Shida ilikuwa mwalimu wake. Kundi la chini lilifundishwa na Wifi.

Wifi alikuwa dada mdogo wa mume wa Bi Pindo, mwalimu wa shule tangu ujana wake, mwanamke nadhifu mwenye ulimi uliochongwa kila asubuhi. Sketi zake zote za shule, tangu darasa la tano mpaka chuo cha ualimu, Bi Pindo ndiye aliyezishona, yeye mwenyewe akiwa amekomea la saba. Miaka ile Wifi akipita na vitabu kifuani, Bi Pindo alikuwa ananyanyua mguu kwenye kanyagio na kuangalia vile vitabu, si sketi. Alijiahidi kwamba ipo siku. Siku ilipokuja, ilikuja na miwani ya kusomea na magoti yanayouma, lakini ilikuja. Na Jumapili iliyopita, mezani, mbele ya ukoo mzima, Wifi alijifuta mdomo kwa kitambaa kisha akasema:

"Wifi, jina lako nimeshaliandika kwenye rejista yangu ya kundi la chini. Kwa penseli, lakini. Kwa heshima."

Mumewe Bi Pindo alicheka mpaka maji yakamtokea puani. Wiki hiyo alikwenda kazini na shati lisilo na kifungo hata kimoja, akashikilia kwa mkono.

*

Jumamosi mchana waliobaki na mashaka walikutana dukani kwa Bi Pindo. Walikuwa watatu: yeye, Seremala, na Msusi, binti mchangamfu aliyekuwa amepanga nusu ya chumba kile. Upande wa mlango kulikuwa na cherehani na meza ya kukatia. Upande wa dirisha kulikuwa na kioo na kiti cha kusukia. Katikati palining'inia pazia la maua, ambalo halikuzuia kitu chochote isipokuwa hewa.

Bi Pindo alikuwa ameshachora pembetatu mara tatu. Rula, penseli iliyochongwa kama sindano, bikari mpya. Mara tatu alipima ile pembe kubwa, na mara tatu kipimapembe kilimwambia themanini na tatu.

"Themanini na tatu," akanong'ona, kama mtu aliyesomewa vipimo vya hospitali.

"Haiwezekani," Seremala akasema. Yeye alichora kwa penseli yake ya kazini, nene kama kidole, hivyo kila mstari wake ulikuwa na bara na pwani. Lakini pembe yake ilikaa tisini. "Dada, mimi naweka milango kwa vipimo hivi. Sita, nane, kumi. Mlango haujawahi kunisuta."

"Basi mlango wako unanichukia mimi."

"Kwani mnanong'ona nini huko?" Sauti ilitoka nyuma ya pazia, laini, tamu, ya mtu anayejua jibu tayari.

Bi Pindo akamkamata Seremala mkono. Seremala akamtazama. Pazia likafunuka kidogo, kichwa cha Msusi kikatokea, macho yamemtoka, kitana kimechomekwa nywelani.

"Mama, nisamehe," akasema kwa midomo tu. "Ndiyo Jumamosi yake."

Akavuta pazia lote. Kitini alikuwa ameketi Wifi, taulo shingoni, nywele zimesimama pande zote kama amesikia habari mbaya, uso umejaa furaha.

"Shikamoo wifi," akasema Wifi. "Usinijali. Endelea na kazi yako ya nyumbani. Umesema themanini na ngapi?"

"Marahaba. Nilikuwa nahesabu vifungo."

"Vifungo themanini na tatu! Hilo gauni au ngazi?"

Msusi alikuwa na shida mbili kwa wakati mmoja. Alikuwa na kichwa cha kusuka na kazi ya nyumbani ambayo hajaigusa, na mikono ni miwili tu. Akafanya anavyofanya kila siku kabla ya kusuka: akapitisha kitana kutoka paji la uso hadi kisogoni, akapitisha tena kutoka sikio hadi sikio, kichwa kikagawanyika sehemu nne. Halafu akatulia. Akatazama sehemu ya mbele kulia. Mstari mmoja unatoka utosini unashuka usoni. Mwingine unatoka utosini unashuka sikioni. Na ukingo wa nywele unaziba chini.

"Jamani," akasema. "Si hii hapa pembetatu!"

"Ipime basi," Bi Pindo akasema, naye akamrushia kipimapembe.

"Mnapima nini?" Wifi akauliza.

"Tulia dada, nitakuvuta." Msusi akakilaza kile kiplastiki utosini. "Tisini." Akakipeleka kwenye paji la uso. "Tisini!" Akakikunja kidogo karibu na sikio. "Na hapa, tisini! Mama, nimepata pembe mraba tatu kwa mpigo. Jumla mia mbili na sabini!"

Seremala akasimama kwa mshangao. "Pembetatu yenye kona tatu za mraba? Dada Msusi, niuzie hicho kichwa. Nitatoa kabati ambalo halijawahi kuonekana."

Bi Pindo akaandika kwenye daftari kwa sauti kubwa: "Jumla ya pembe za pembetatu ni mia mbili... na sabini."

Wifi alikuwa ameapa kutosaidia. Ungeona shingo yake inavyopambana. Mshipa ulimsimama, taulo likaanza kutikisika, mwisho mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mia na themanini! Mia na themanini, nyie watu! Kichwa changu ni mviringo! Pembetatu ya kitabuni inalala chali juu ya kitu bapa, hailali juu ya mbinuko! Ukiikunja juu ya mpira inafura! Futa hiyo!"

Bi Pindo akafuta taratibu, huku akitazama mlangoni ili meno yake yasionekane. Miaka thelathini alikuwa anaishi na mwanamke huyu katika ukoo mmoja, na leo ndipo alipolitambua hili: Wifi angeweza kunyima chumvi, angeweza kunyima salamu, lakini hakuweza kupita karibu na kosa akaliacha limelala. Lilimwasha. Ilikuwa kama kumwonyesha Bi Pindo pindo lililofumuka kwenye gauni la mtu mbele yake kwenye foleni.

Akamkonyeza Seremala. Seremala hakuelewa. Akamkonyeza kwa jicho la pili. Seremala akadhani ana kitu jichoni, akampulizia.

"Nasema hivi," Bi Pindo akaongea kwa nguvu, huku akimkanyaga mguu, "ule upande mrefu, wa sentimita kumi, kwa maoni yangu unakaa chini kila mara. Kwa sababu ya uzito."

"Eeeh," Seremala akasema, na taa ikamwakia usoni. "Kweli dada. Mbao ndefu huwa nzito. Ukiiweka juu inaanguka."

"Unatazamana na pembe kubwa!" Wifi akalia. "Haijalishi chini wala juu! Upande mrefu unakaa mkabala na pembe kubwa, hata ukiigeuza pembetatu kichwa chini miguu juu!"

"Kichwa usikigeuze tu dada," Msusi akasema, mdomo umejaa pini. "Nimeshashika."

"Nami nimesikia," Bi Pindo akaendelea, sasa amenogewa, "kwamba kujua kama pembe ni mraba, unajumlisha tu. Sita na nane, kumi na nne. Kumi na nne si kumi. Basi pembe mraba hakuna. Mwalimu alitudanganya, maskini, kijana mdogo, pengine alikuwa na njaa."

Wifi alifumba macho. Akauma midomo. Akashika mikono ya kiti kama mtu anayeng'olewa jino.

"Tuandike hivyo?" Seremala akauliza.

"Andika. Kwa wino."

"Zidisha!" Wifi akaruka, na suko moja lililokuwa nusu likafumuka lote. "Sita mara sita, thelathini na sita! Nane mara nane, sitini na nne! Jumlisha hizo, unapata mia! Na kumi mara kumi ni ngapi?"

"Ngapi?" wakauliza watatu kwa pamoja, kalamu na kitana mikononi.

"Mia! Mia na mia, sawasawa! Kwa hiyo pembe ni mraba, haina ujanja, haina..."

Akanyamaza. Akatazama kalamu mbili zinazokimbia kwenye madaftari mawili. Akamtazama Msusi kiooni, naye Msusi alikuwa analia machozi kwa kicheko kisichotoa sauti, mpaka pini zinamdondoka. Wifi akashusha pumzi ndefu.

"Mmenikamua," akasema.

"Kidogo tu wifi."

"Mmenikamua kama ng'ombe!"

"Ng'ombe mwenye chuo," Bi Pindo akasema, na hapo wote wakaangua kicheko. Seremala alishikilia meza ya kukatia, meza ikashikilia ukuta. Hata Wifi alicheka, kwanza puani, halafu mabegani, halafu akakumbuka yeye ni nani akaacha.

Suko la mwisho lilipokamilika alisimama, akajitazama kioo, akaenda mpaka mezani. Akainama juu ya ile pembetatu ya digrii themanini na tatu. Akaitazama. Akaitazama na rula iliyokuwa pembeni. Uso wake ukachanua polepole kama wa mtu aliyefunguliwa zawadi.

"Nimeliona kosa lako, wifi," akasema. "Ni zuri sana. Tangu nianze kufundisha sijawahi kuona kosa kama hili."

"Niambie basi."

"Nitakuambia. Jumatatu, ukiwa umekaa dawati la mbele, kundi la chini." Akatoka, na mgongo wake ukacheka njia nzima.

*

Sasa dukani ucheshi ulikwisha. Bi Pindo aliketi. Kila kitu alichokamua kilikuwa kwenye daftari, mia na mia, na bado kipimapembe kilisema themanini na tatu. Alikuwa anajua kwa nini iwe tisini, na yake haikutaka.

"Basi ni kichwa changu," akasema. "Mwisho wangu ulikuwa la saba. Niache nikae na vitambaa."

"Usiseme hivyo mama," Msusi akasema.

Seremala alikuwa na jambo moyoni ila aliona aibu kulitamka, kwa sababu ni kama kumwomba dereva akuonyeshe usukani uko wapi. Nani angethubutu kumpimia fundi wa kupima? Alingoja Bi Pindo ageuke kujipangusa miwani, akachukua rula, akaiweka kwenye karatasi kimyakimya.

"Dada. Huu upande mfupi umeuchora sentimita ngapi?"

"Sita."

"Unasoma nane."

"Ndiyo. Sita na mshono."

Bi Pindo mwenyewe alikuwa ameshika miwani mkononi, mdomo wazi, akisikiliza maneno yaliyomtoka.

"Na huu wa nane?" Seremala akauliza taratibu.

"Kumi," Bi Pindo akasema kwa sauti ndogo. "Nane na mshono."

"Na wa kumi ni kumi na mbili."

"Na mshono," akamalizia Msusi, naye akaenda chini. Akaketi sakafuni kabisa, kwenye vipande vya vitambaa, akipiga kofi sakafu. "Mama! Mshono wa nini? Karatasi ulitaka kuishona na nini?"

"Sikutaka kuishona! Mkono! Ni mkono huu!" Bi Pindo aliunyanyua mkono wake wa kulia akautazama kama mgeni aliyelala kwake miaka thelathini na kumbe mwizi. "Mtu akiniambia sita, kichwa kinasema sita, mkono unaacha mbili za kukunjia mshono. Siuambii! Haujawahi kuniuliza!"

Akacheka mpaka miwani ikaanguka, na akaacha ianguke.

Kilichofuata kilikuwa mafunzo. Bi Pindo anachora, Msusi amesimama juu yake na kitana. Rula ikigusa sita, mkono ukitaka kuteleza, kitana kinashuka: pa! "Mshono!" Tena. Pa! "Mshono, mama!" Mara ya kumi na moja mstari ulisimama kwenye sita, ukatetemeka, ukabaki. Pembetatu ikafungwa. Kipimapembe kikalala juu yake. Tisini. Seremala alimwinua Bi Pindo juu pamoja na kiti chake, akamzungusha, akamrudisha chini na kuomba radhi kwa heshima zote.

Jumapili nzima alifanya mazoezi peke yake, juu ya bahasha, juu ya kalenda, juu ya unga mezani. Alifanya mazoezi vizuri mno. Jioni akakata shati jipya la mumewe, kwa vipimo kamili, sentimita kwa sentimita, bila mshono hata wa ukucha. Alipolishona, mumewe aliingia ndani yake kwa kuvuta tumbo, akashusha pumzi mara moja, na vifungo vitatu vikatawanyika kimoja kimoja ukutani.

"Mke wangu," akasema bila kusogea, "hii elimu itanifikisha wapi?"

*

Jumatatu saa kumi darasa lilijaa. Seremala alichora, akafaulu. Msusi alichora, akafaulu, kwenye ubao ulio bapa. Mpiga chapa mmoja alishindwa. Mwalimu akamwomba radhi akamshusha, na mlangoni akapokelewa na Wifi, aliyekuwa amesimama pale na rejista kifuani na nywele mpya zinazong'aa.

"Mama," Mwalimu akaita.

Bi Pindo akatoka kwenye dawati kwa awamu mbili. Ubaoni vipimo vilikuwa vikubwa: sentimita sitini, themanini, mia. Akachomoa tepu yake shingoni, akaipuuza rula ya mbao. Nyuma yake alisikia Msusi ameshika pumzi. Sitini. Mkono ukafika sitini, ukataka kuendelea, akaubana ubavuni kama anayemzuia mtoto asivuke barabara. Themanini. Mia. Mistari ikakutana. Mwalimu akaja na kipimapembe kikubwa cha mbao, akakiweka.

"Tisini," akasema. "Tisini kamili, mama. Hongera."

Mlangoni Wifi akafungua rejista akatafuta penseli yenye kifutio alifute lile jina.

Hapo ndipo furaha ilipomponza. Bi Pindo alipumua, akalegea, akauacha mkono wake bila ulinzi. Na mkono, ambao ulikuwa umenyimwa haki yake siku mbili nzima, ukanyanyua chaki ukaanza kutembea. Ukazunguka pembetatu yote kwa nje, upana wa vidole viwili kila upande, vidoti, vidoti, vidoti, mpaka ukarudi ulikoanzia. Darasa zima likaona. Msusi akajifunika uso.

Wifi akaondoa penseli kwenye karatasi.

"Samahani, mama," Mwalimu akasema. "Hii ya nje ni nini?"

Bi Pindo akageuka. Angeweza kuifuta. Akatazama ile pembetatu ya vidoti, na ile iliyo ndani yake, moja kama mama amembeba mtoto, na badala ya aibu akaona kitu.

"Ni mshono, Mwalimu," akasema. "Hebu ipime."

"Nipime mshono?"

"Kona yake. Ile ya nje."

Mwalimu akapima. Akapima tena. "Tisini."

"Na zile nyingine mbili?"

Akapima zote. Za ndani na za nje zilikuwa sawa, pacha kwa pacha. Mwalimu akavua miwani, akaivaa.

"Sasa mimi Jumamosi nilikosa," Bi Pindo akasema, amegeukia darasa zima kama anazungumza na wateja, "na kosa langu nitawaeleza, maana kuna mtu hapo mlangoni linamwasha. Nilichukua sita nikaongeza mbili, nane nikaongeza mbili, kumi nikaongeza mbili. Nikapata pembetatu iliyopinda, themanini na tatu. Nilijidanganya kwamba naacha mshono. Huo si mshono! Fundi hawezi kuacha mshono kwa kurefusha kila upande kivyake. Kola yote ingekwenda mrama. Mshono unauzungusha nje, upana mmoja kila mahali, na hapo nguo inakuwa kubwa lakini kona inabaki ile ile. Kama unamkatia mama na unamkatia mtoto, kola ni ile ile. Ukubwa ndio umebadilika, umbo halijasogea. Pande zote zimekua kwa pamoja, kila mmoja kwa kadiri yake. Mrefu umekua zaidi, mfupi umekua kidogo. Pimeni muone."

Seremala alikuwa ameshafika ubaoni na tepu. Ilikuwa kama alivyosema.

"Mama," Mwalimu akasema polepole, "hii ni mada ya mwezi ujao."

"Samahani," akasema Bi Pindo.

Darasa likalipuka. Watu waligonga madawati, dawati la Seremala likaanguka lenyewe bila mtu ndani yake. Mwalimu alikuwa anacheka na kuandika kwenye daftari lake kwa wakati mmoja. Kisha akainua mkono watulie.

"Mama, samahani sana," akasema. "Itabidi uende kundi la chini."

Kelele zikakatika. Tabasamu la Bi Pindo likabaki usoni peke yake, halijui pa kwenda.

"Alhamisi," Mwalimu akaongeza. "Saa kumi. Ukawaeleze hivi hivi ulivyotueleza, na chaki hii hii. Mimi nikieleza, wanalala."

Bi Pindo alitazama mlangoni. Wifi alikuwa anafuta kitu kwenye rejista, anafuta kwa nguvu, mpaka karatasi ikakunjamana.

Alhamisi ilifika ikiwa na jua. Bi Pindo alivaa gauni lake la harusi za watu, akaingia kundi la chini. Mlinzi alikuwepo, dereva, mabibi wawili, na mpiga chapa. Wifi alikuwa amesimama kando ya ubao, amenyooka kama rula.

"Simameni," akawaambia wanafunzi wake. Akameza mate. "Msalimieni... mwalimu."

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni. Nawe pia kaa, wifi, usichoke. Dawati la mbele liko wazi."

Wifi akaketi, magoti yakapanda hadi kidevuni. Bi Pindo akachukua chaki akachora mstari wa kwanza, bila rula, umepinda kidogo. Hata vumbi la chaki halijatua, mkono mmoja ulikuwa umeshanyanyuka dawati la mbele, wima, vidole vinatetemeka kwa kero, mwenye mkono ameuma midomo kwa sababu darasani huongei mpaka uruhusiwe.

Bi Pindo akauona. Akageukia ubao, akaanza kwanza kuandika tarehe, polepole, kwa mwandiko mzuri.